Hitima ya Barazani

Mie nina hasira za karibu, mji mzima unajua, na waliponipa ile kazi walijua pia. Walinipa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mratibu wa wasio na makazi! Cheo kirefu, ofisi yenyewe meza moja na kiti kinachoyumba, na dirisha linalotazama ghala la zamani la korosho. Barazani kwa lile ghala ndiko walikolala watu wangu.

Ilikuwa ile miaka gesi ilipopatikana baharini. Kabla ya hapo nani aliutaka mji wetu? Chumba ulikuwa unapewa kwa maamkizi mazuri tu. Mara wakaja wapimaji, wapishi, walinzi, wakalimani, wauza simu, na wengine ambao ukiwauliza wanasema wamekuja kuangalia. Ng'ambo ya ghuba, Afungi, uzio wa kiwanda cha gesi ukaanza kusimama. Huku mjini wenye nyumba wakapandwa na wazimu. Mtu kakaa chumba kimoja tangu wakati wa vita, anaamka asubuhi anaambiwa atoe vyombo vyake, kuna mgeni anakuja na dola. Wengine walikuwa wametoka bara, upande wa Mueda, kutafuta kazi ya ujenzi. Kazi hawakupata na pa kulala hawakupata. Wote wakaishia barazani kwa ghala, na mikeka yao, na masufuria yao, na watoto.

Lakini mtu aliyeninyima usingizi alikuwa Alima.

Alima alikuja na mumewe, Hamido, kutoka Mucojo. Hamido alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole, anacheka kabla hujamaliza kusema. Homa ikamchukua. Mwenye nyumba wao alingoja tu watu watoke makaburini, Mungu anamwona, akaleta kufuli jipya. Mwanamke yumo ndani ya eda! Kwetu mjane akiwa katika eda anatulia ndani, anamwombea mumewe, wanaume wa kando hawamwoni, hasafiri wala hahamihami mpaka miezi yake iishe. Hata mlevi akipita dirishani kwake anashusha sauti. Yeye akatolewa mchana kweupe, mkeka kichwani, akaja kukaa eda kwenye kona ya baraza la ghala, nyuma ya kanga zilizotundikwa kwenye kamba.

Kamba yenyewe aliifunga Francisco. Huyu ni seremala, Mmakonde, Mkristo, na yeye pia alikuwa hana pa kulala. Siku ile Alima alipofika, Francisco aliwahamisha wanaume wote upande wa pili wa baraza, akawaambia yeyote anayepita karibu na kona ile akohoe kwanza. Basi kutwa ilikuwa kikohozi barazani, ungedhani wodi ya kifua.

Ila kanga ni kanga. Upepo uliziinua. Mbuzi walipita chini yake. Mlinzi mmoja wa soko aliziinua kwa fimbo, eti anatazama kama kuna mali ya wizi, na Alima akageukia ukuta akajifunika uso kwa mikono. Mlinzi yule nilimkimbiza na kandambili mkononi mpaka sokoni, na wauza samaki wakanishangilia. Niliporudi, Alima alikuwa bado kaelekea ukutani. Aliniambia, "Dada Zainabo, kila mtu anaweza kuniona. Nataka mahali pamoja tu ambapo nikisema hapana, iwe hapana." Nikaenda kumchotea maji.

Hapo ndipo alipokuja senhor Leonel; senhor ni bwana kwa Kireno cha maofisini, kama mie wanavyoniita dona. Walikuwa wamemfanya mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, na tangu siku hiyo hakutembea tena kama mtu anayekwenda mahali. Alitembea kama anayetazamwa. Shati lake lilipigwa pasi mpaka unaogopa kulisogelea.

"Dona Zainabo," akasema, "wageni wakubwa wa gesi wanakuja. Watapita njia hii hii. Baraza lile lazima liwe safi."

"Nitalifagia."

"Unanielewa vizuri sana, dona. Litakuja lori liwachukue watu. Kuna nafasi kule Nhica do Rovuma."

"Nafasi ya namna gani? Kuna nyumba?"

"Kuna nafasi," akarudia, akanyoosha mikono kuonyesha upana wake.

"Na mjane wa eda naye mtampakia kwenye lori?"

Akafikiri. Wallahi alifikiri kweli, kisha akasema, "Yeye atakaa mbele na dereva."

Loo! Sijui nilimjibu nini. Watu waliokuwa nje wanasema walisikia neno "mbele" na neno "dereva" na katikati yake maneno yasiyofaa kurudiwa. Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwa mwalimu Anli, imamu wa msikiti wetu, nikamkuta anashona kofia.

"Mwalimu, mjane katolewa nyumbani kwa nguvu, kakaa barazani, na sasa wanataka kumpeleka Nhica. Sheria inasemaje?"

Mwalimu Anli hana haraka hata nyumba ikiungua. Alimaliza kushona tundu moja la kofia, akasema, "Aliyetolewa kwa nguvu anaruhusiwa kuhamia penye usalama. Akishahamia, hapo ndipo atakapomalizia eda yake."

"Basi keshahamia baraza?"

"Baraza halina mlango, Zainabo. Hiyo si nyumba. Kwa hiyo bado hajahama. Anayo hama moja mkononi. Lakini wakimfikisha Nhica wakamwekea hata kibanda cha makuti, ameishia huko."

Huko porini, bila ndugu, bila mwanamke wa kumsukia nywele wala wa kumsikia akiugua! Nikaona wazi kwamba nikichelewa, lori ndilo litakalomchagulia nyumba.

"Basi tumpe nyumba hapa hapa," nikasema. "Tuwape wote. Msikiti una kile kiwanja cha wakfu nyuma ya minazi. Kipana, kimelala bure, kinaota upupu."

"Tungekitoa zamani," akasema mwalimu. "Lakini hakina maji. Watu watatawadha kwa maji gani? Mwambie Cândido alete bomba, nami natoa ardhi."

Nikaenda kwa Cândido, mtu wa maji. Nilimkuta chini ya tangi, miguu tu inaonekana. Miguu ikaniambia, "Bomba nalivuta penye nyumba, dona. Nikilivuta porini wakubwa wataniuliza namnywesha nani, nyani? Jengeni kwanza."

Nikaenda kwa Madalena, anayeshika ufunguo wa stoo ya parokia. Madalena ni shoga yangu tangu shule, tuligombana darasani tukapatana chooni. "Mabati yapo, shoga," akasema. "Yamekaa humu tangu kile kimbunga kilichotuezua mapaa. Lakini padri kasema hayatoki mpaka tuone kuta zimesimama, tena kwenye kiwanja chenye idhini. Mara iliyopita tuliyatoa mapema, tukayakuta sokoni."

Idhini ya kiwanja je? Nani anayetoa? Senhor Leonel yule yule, muhuri wa viwanja uko mezani kwake. Na senhor Leonel, kabla sijakaa, akasema, "Naweza kutoa idhini mahali penye maji, dona. Huo ndio utaratibu."

Mnaona? Ardhi inangoja maji, maji yanangoja nyumba, nyumba inangoja mabati, mabati yanangoja idhini, na idhini imerudi kungoja maji. Hakuna aliyekataa. Ndiyo iliyoniuma zaidi. Wote walikuwa watu wema, wote walinipa kiti na maji ya kunywa, na Alima alikuwa bado kaelekea ukutani.

Nikaitisha mkutano. Barua nilizipeleka kwa mkono wangu. Siku ya mkutano nilikaa na viti vya kuazima, mie na nzi. Cândido alisema tangi limepasuka, Leonel alikuwa na mkutano mwingine, mwalimu alidhani ni kesho, Madalena alikuja akaona yuko peke yake akaenda zake. Nikakipiga kiti teke. Kiti hakikufanya kitu, kidole changu kikavimba.

Nikaenda kwa Alima nikichechemea. Alinisikia, akaniuliza nina nini, nikamwambia, akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akicheka. Halafu kicheko kikaisha, akasema:

"Dada, arobaini ya Hamido imefika. Sikuombi kingine. Lakini nani atakuja kumsomea mume wangu barazani kwa ghala? Watu wanakwenda hitima kwenye nyumba. Mie nitamkaribisha nani, na wapi?"

Akalia. Nami nilikuwa nimefungua mdomo nimbembeleze, nikaubakiza wazi. Wazo likanijia kama mtu kanimwagia maji ya baridi.

"Watakuja," nikamwambia. "Mdogo wangu, watakuja wote. Futa machozi. Hitima inasomwa Alhamisi."

Ngoja niwaeleze, maana asiye wa kwetu hawezi kujua. Mtu wa mji wetu anaweza kukukwepa mkutanoni mwaka mzima na asione haya. Lakini umwite hitima asije? Hathubutu. Atakayekosa hitima ya mwenzake, siku ya kwake nani atamwendea? Hata Wakristo wanakuja. Wanakaa pembeni wakati wa kusoma, wanakula na wenzao, na sisi tunakwenda kwenye misiba yao vivyo hivyo. Wala hitima haina barua. Inapelekwa kwa mdomo, mlango kwa mlango: karibuni Alhamisi alasiri, marehemu Hamido anasomewa, barazani kwa ghala. Ukishaambiwa umeambiwa.

Nilizunguka mji mzima na kidole changu kibovu. Hakuna niliyemwambia neno juu ya ardhi wala bomba.

Alhamisi ile! Wanawake wa mtaa walianza kukuna nazi tangu asubuhi. Mchele ulitoka nyumba hii na ile, samaki walitoka pwani, mbuzi aliletwa na mtu aliyekataa kutajwa, nami nikamkubalia. Francisco na wenzake walifagia baraza, wakaosha kuta za mbele za ghala, wakatandika mikeka yao wenyewe, ile ile waliyolalia. Alasiri watu wakaanza kufika. Mwalimu Anli na wanafunzi wake. Cândido, nywele zimelowa, kajipaka mafuta. Madalena na akina mama wa parokia, na chungu cha mboga. Hata senhor Leonel alikuja. Anapanga kwa mama mmoja wa hapa, na mama yule alimwambia asipokwenda hitima ya watu asitegemee chai ya asubuhi.

Wakasoma. Mimi nilikaa nyuma ya kanga na Alima, nimemshika mkono. Wakati wa dua, jina la Hamido lilipotajwa na watu wote wale wakaitikia amina kwa pamoja, alinisogelea sikioni. "Wamekuja," akaninong'oneza. "Dada, kweli wamekuja." Nililia pamoja naye, sioni haya kusema.

Kisha sinia zikatoka. Watu wakala. Na wali wa nazi, na mchuzi wa mbuzi, kila mkono ukajaa mafuta mpaka kwenye kifundo.

Hapo ndipo nilipotoka na birika na beseni.

Kwa kawaida vijana ndio wanaowanawisha wanaume. Siku ile nililishika birika mwenyewe na nadhani uso wangu ulikuwa na jambo, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Na kwetu hutoki hitimani na mkono una wali. Utakwenda wapi? Utamshika nani mkono wa kwaheri?

Nikaanza kwa mwalimu Anli. Akanyoosha mkono juu ya beseni. Sikumimina.

"Mwalimu," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "kile kiwanja cha wakfu nyuma ya minazi. Unawapa hawa waliokutandikia mikeka leo, au huwapi?"

Mwalimu akanitazama, akalitazama birika, akazitazama kanga za kona ile. Nikaona anaanza kutabasamu ndani ya ndevu. "Nilisema kukiwa na maji..."

"Mtu wa maji nitamfikia, usihofu. Nakuuliza ardhi."

"Natoa," akasema. "Mbele ya watu wote hawa, natoa. Nimiminie, mwanangu."

Nikammiminia kama mvua ya masika. Nikasogea kwa Cândido. Huyo alikwisha kuona linalomjia, mkono kaufunga.

"Cândido. Ardhi umeisikia. Bomba?"

"Dona Zainabo, nyumba..."

"Nani hapa ni fundi wa kujenga?" nikauliza bila kugeuka.

"Mie," akasema Francisco.

"Mie," akasema mwingine. "Nami." "Na sisi." Wakasimama upande mzima wa baraza, watu wa bara na watu wa pwani, wale ambao tulikuwa tunaambiwa ni mizigo ya kupakia.

"Unawaona wenye nyumba? Kesho wanachimbia nguzo. Bomba?"

Cândido akakuna kichwa kwa mkono ule ule wa mafuta, watu wakacheka. "Haya, kesho nachimba mtaro. Lakini mnisaidie majembe."

Nikamnawisha. Madalena sikuwa na haja ya kumfikia. Alikuwa kasimama tayari, anapunga mikono miwili yenye wali. "Mabati nitatoa, shoga! Kuta zikisimama tu, njoo na gari! Mimina kabla sijajifuta kwenye nguo!"

Akabaki senhor Leonel. Alikuwa kakaa wima, kaushika mkono wake wa kulia mbali na lile shati kama mtu aliyeshika panya.

"Senhor," nikasema. "Ardhi ipo. Maji yapo. Kuta zinakuja, mabati yapo. Utaratibu wako umekamilika au umebakia?"

"Dona, mkono unanikauka."

"Na mjane wa watu anakauka mwezi wa pili."

Mama anayempangisha alikohoa kutoka upande wa wanawake. Kikohozi cha mtu mwenye birika lake la chai.

"Idhini natoa," akasema Leonel. "Lakini siku ya wageni, baraza hili liwe tupu. La sivyo lori linakuja."

"Litakuwa tupu," nikamwambia, na yeye nilimmiminia polepole, nisilichafue shati lake.

Tangu kesho yake usingeamini ni mji ule ule. Upupu ulifyekwa. Watu wa Francisco walisimamisha nguzo na kufuma fito, wanawake wa pwani wakakanyaga udongo na kuimba, na wale wa bara wakatutania kwamba sisi tunaimba nyimbo kumi kwa kila tonge moja la udongo. Tukawajibu kwamba ukuta wao utakuwa bubu. Cândido alichimba mtaro hadi akang'oka kucha. Siku maji yalipotoka kwenye bomba, machafu mekundu halafu meupe, mwalimu Anli aliyakinga kwa viganja akanywa. Nyumba ya kwanza tuliyoikandika ilikuwa ya Alima. Hakuna aliyepiga kura, kila mtu alijua.

Kumbe wageni nao wana yao. Tulikuwa tumejipangia wiki, wao wakawahi. Asubuhi nasikia ngurumo barazani, natazama dirishani, lori hilo! Nyumba ya Alima kuta bado mbichi na juu ni mbingu tupu.

Nilitoka mbio. Dereva alikuwa Ossufo, mtu wa makamo, kajiegemeza mlangoni mwa lori na uso wa huzuni.

"Nimeambiwa nichukue watu," akasema. "Lakini dada, mie nilikula hitima ya yule bwana. Nitampakiaje mkewe?"

"Umeambiwa uwapeleke kwa njia gani?"

"Njia hawakusema."

"Basi njia yako inaanzia parokia. Kapakie mabati kwa Madalena, uyalete nyuma ya minazi, kisha urudi uwachukue watu na vyombo vyao uwapeleke huko huko. Ukiulizwa, umechukua watu au hukuchukua?"

Ossufo alicheka mpaka akashika tumbo. "Nimewachukua, dada. Kwa nini nisiwachukue?"

Basi lori la kuwatupa watu likabeba mabati yao. Francisco alikuwa juu ya boriti, misumari mdomoni, na kila bati lilipopigiliwa wanawake walipiga kigelegele. Kufikia adhuhuri paa lilikuwa linawaka jua, na Francisco alikuwa keshautia mlango na komeo la ndani. Baraza la ghala likabaki tupu, safi, kasoro ile kona.

Alima alikuwa na hama yake moja mkononi, na sasa tungemhamishaje? Kati ya ghala na kiwanja kuna barabara kuu, mchana, wanaume tele. Akina mama hawakungoja niwaze. Zikavuliwa kanga mabegani, zikafungwa ncha kwa ncha, wakasimama duara, kila mmoja kainua mikono. Alima akaingia katikati. Kikawa chumba kinachotembea. Madalena na wenzake wa parokia walishika upande wa mbele, sisi wa nyuma, na wimbo ukaanza wenyewe.

Tulikuwa katikati ya barabara magari meupe ya wageni yalipotokea.

Yalisimama, yangefanyaje? Senhor Leonel akaruka kutoka gari la kwanza, jasho limeshaliharibu shati. "Dona Zainabo! Toeni njia! Wageni hawa!"

"Wangoje. Mjane anapita."

Mlango wa gari la pili ukafunguka, akashuka mwanamke wa makamo na kofia ya jua, na wengine nyuma yake, na mtu wa kamera. Akamuuliza Leonel kwa Kireno ni sherehe gani hii. Leonel akanitazama. Akazitazama kanga, akalitazama paa linalong'aa kule nyuma ya minazi, watu wamejaa, lori limesimama, maji yanamwagika kwenye bomba.

"Huu," akasema, "ni mpango wetu wa makazi."

Wetu! Nilimsikia vizuri, Kireno nakijua kuliko yeye anavyodhani. Siku nyingine ningemvua hilo shati. Lakini siku ile furaha ilikuwa imenijaa mpaka hasira haikupata pa kukaa. Nikamgeukia yule mama mgeni nikasema kwa Kireno changu kizuri cha shule, "Kweli kabisa, ni mpango wake. Leo ni nyumba ya kwanza. Hawa wote unaowaona watapata za kwao, na senhor Leonel atawaonyesha mkirudi." Kamera ikamgeukia Leonel. Akatingisha kichwa kukubali, angefanya nini? Na alizisimamia zote, nimpe haki yake. Masika yalipokuja hakukuwa na mtu anayelala nje barazani kwa ghala, na bomba la pili Cândido alilileta bila kunawishwa.

Wageni wakatufuata kwa miguu, wanapiga makofi. Tukafika. Tukakisogeza chumba chetu cha kanga mpaka kikagusa mlango, Alima akaingia ndani, nasi tukashusha mikono. Mikono ilikuwa imekufa ganzi.

Yule mama mgeni alikuwa kafurahi sana. Akataka kuona ndani, na wenzake wanaume nao, na mtu wa kamera mbele ya wote. Leonel akajinyoosha, akagonga.

"Mama Alima, hebu fungua kidogo. Wageni wakubwa wanataka kukupongeza."

Nilishika mkono wa Madalena.

"Ahsante, senhor," sauti ikatoka ndani, ya upole, haina haraka. "Wageni nawashukuru. Lakini nina eda. Hapana."

Na komeo likaingia mahali pake, kwa!

Mgeni akamgeukia Leonel. "Anasema nini?"

Leonel akautazama ule mlango. Akajipangusa uso, na kwa mara ya kwanza tangu wampe ile kamati alionekana kama kijana aliyelelewa na mama yake. Akajitoa mlangoni hatua nzima, akawaashiria wenzake nao warudi nyuma.

"Anasema hapana," akasema.

Vigelegele vilivyolipuka hapo, nadhani Afungi walisikia. Mie nilikaa chini pale pale kwenye udongo mbichi, nguo yangu nzuri na yote, nikalia kwa sauti kama mtoto, na sikutaka mtu aninyamazishe.